Ufa kati ya madgadi na bodi ya trela ya kulala, niuzibe na nini?

Mtu_wa_FreeArea
Wadau habari zenu. Niko Nakuru, nimejijengea katrela ka kulala ka kuvutwa na pikapu, chini ni chesis ya boksi tyubu, ekseli na springi nilitoa kwa pikapu ya zamani, juu ni bodi ya plaiwudi ya milimita 12 na nje nimeivalisha bati la aluminiamu. Barabarani inatulia vizuri na nikisimama Salgaa watu wanakuja kuuliza nauza pesa ngapi. Shida yangu ni moja tu, madgadi, yale mabati ya kufunika tairi. Fundi wa jua kali alinikunjia bati la geji 16, mviringo safi kabisa, lakini kati ya ukingo wa ndani wa madgadi na ukuta wa bodi kumebaki ufa, mbele kidole kinaingia na nyuma pamebana mpaka kadi ya simu inaingia kwa kulazimishwa.

Sasa mvua ikinyesha tairi inarusha maji yanapenya hapo yanapanda ukuta, tulitoka Kericho juzi ukuta ukiwa tope nyekundu mpaka chini ya dirisha, hiyo si neno kwa sababu tope huoshwa, lakini nimechungulia pale chini nyuma ya tairi nikaona plaiwudi imeanza kuvimba. Na kuna vumbi pia, ukishaacha lami kule juu ya Loruk ukifika kambi unakuta godoro limekuwa na rangi ingine. Fundi anasema atatia silikoni, jirani anasema fomu ya kupuliza, binamu yangu naye anasema nichomelee madgadi na bodi iwe kitu kimoja, bodi yenyewe ni mbao sasa sijui atachomelea nini. Wenye wamewahi kushika hii kazi naomba mnielekeze kabla mvua za masika zianze. Picha nimejaribu kuweka zinakataa.

Dere_Bondeni
Silikoni nyeusi, tyubu mbili, maliza kazi. Umeandika insha ndefu kwa ufa wa kidole kimoja.

FundiBodi_Nax
Boss, kabla mtu akuambie upake nini jibu kwanza hili, hayo madgadi yamefungwa wapi? Yamefungwa kwa bodi ama yanashikwa na mabano kutoka kwa chesis? Maana hizo ni kazi mbili tofauti kabisa na watu huzichanganya kila siku.

Kama yamefungwa kwa bodi basi yanatembea na bodi, hapo unaweza kuziba moja kwa moja. Kama yameshikwa na chesis hapo ni hadithi ingine, kwa sababu chesis ikipita kwa matuta inajipinda, bodi juu yake haijipindi vile vile, ni mkokoteni umebeba kabati, kila mmoja na mwendo wake. Ukiziunganisha na kitu kigumu, kitu cha kwanza kupasuka ni hiyo silanti yako, yaani dawa ya kuziba, na kama silanti ni kali sana haipasuki yenyewe, inang'oa rangi ama inavuta bati la aluminiamu kutoka kwa mbao. Nimeona trela ya mbwa wa kuwinda imefanywa hivyo, bati limejikunja pale kwa madgadi yote mawili.

Silikoni Dere anasema ni sawa kwa sinki la jikoni. Ile ya bei ya chini ukiifungua inanuka siki, hiyo ni asidi, inakula mabati ya zinki polepole chini ya rangi. Halafu silikoni haishiki rangi, na ukishaipaka mahali hakuna kitu kingine kitashika hapo, hata silikoni mpya juu ya ile ya zamani inabanduka. Utakwangua mpaka uchoke. Kwa hivyo mwambie fundi wako aweke hiyo tyubu chini kwanza.

Dere_Bondeni
@FundiBodi_Nax yangu imekaa kwa kanta ya lori tangu kitambo na haijasumbua, labda wewe unauza ingine.

FundiBodi_Nax
Kanta yako madgadi na chesis ni chuma kwa chuma, hakuna mbao hapo. Na mimi siuzi silanti, nauza kazi.

Mtu_wa_FreeArea
Asante sana Fundi. Nimelala chini nikaangalia, yako kwa chesis. Mabano mawili kila upande ya engo, kile chuma cha pembe, yamechomelewa kwa boksi tyubu, madgadi yamekaa juu yake na bolti. Bodi nayo imefungwa kwa chesis na bolti zake kivyake, hakuna mahali madgadi yanagusa bodi isipokuwa pale nyuma pamebana. Kumbe hapo nyuma hata pameanza kusugua, aluminiamu imekwaruzwa mpaka inang'aa.

NyarDunga
Hapo penye pamesugua ndipo ugonjwa uko, hiyo mbele ya kidole si neno sana. Ufa mwembamba ni mbaya kuliko mpana, mpana ukiumwagia maji na hosi tope linatoka, mwembamba linaingia tope linakaa, linashika unyevu wiki nzima hata kama jua linawaka, na mbao ya nyuma hapo ndio inaoza. Mimi ningeanza kwa kuongeza nafasi nyuma iwe sawa na ya mbele, toa bolti usogeze madgadi ama uweke wosha nene, kabla hata ya kufikiria kuziba.

Kwetu ni mambo ya mashua, wazee hapa Dunga, Kisumu, wakijenga mashua wanapigilia pamba kati ya mbao na patasi halafu wanafunika, lakini hiyo pamba inafanya kazi kwa sababu mbao ikiingia ziwani inavimba inaibana. Trela yako haikai majini, inalowa inakauka inalowa inakauka, kwa hivyo usiende kusindilia matambara ama pamba kwa huo ufa ukidhani ni ujanja wa zamani, utakuwa umewekea maji godoro. Hiyo fomu ya jirani ni vile vile tu, ikikatwa uso wake inakunywa maji, na jua likiipiga inageuka unga wa manjano.

Sasa hiyo plaiwudi iliyovimba. Ukingo wa plaiwudi ndio mdomo wake, maji hayaingii kwa uso yanaingia kwa ukingo yanapanda ndani kwa nyuzi za mbao. Toa bati la aluminiamu hapo chini kiasi uone, acha pakauke kabisa na si kukauka kwa macho, weka chini ya kivuli penye upepo uende na shughuli zako. Penye pamelainika ukidunga na bisibisi ikaingia, kata utoe. Penye ni pagumu piga msasa halafu upake epoksi, ile rezini ya kuchanganya vitu viwili ikagande, ya kwanza nyepesi inywe, ikianza kushika paka ya pili. Ukiuliza rezini kwa watu wa faibaglasi wengi watakupa poliesta kwa sababu ndiyo wanayo, hiyo kwa mbao haishiki vizuri, sisitiza epoksi. Halafu lazima uifunike na rangi, epoksi haipendi jua.

Kitu kingine, lile bati la aluminiamu linapoishia chini usilizibe kabisa. Ziba juu, ziba pembeni, chini acha maji yapate njia ya kutoka, kwa sababu kuingia yataingia tu hata ufanye nini.

Mshale_Kakamega
Hapo kwa vumbi wacha niongee kidogo maana naona wote mmeenda kwa maji. Kaka, vumbi lako silioni likipitia kwa madgadi. Madgadi yako nje ya bodi, vumbi likipita huo ufa linapaka ukuta wa nje tu. Lile lenye liko kwa godoro limeingia kwa mlango wa nyuma ama kwa sakafu, kwa sababu trela ikikimbia nyuma yake hewa inakuwa hafifu na inavuta, kila katundu kanakuwa pua. Ngoja usiku, mtu mmoja aingie ndani afunge taa zote, mwingine azunguke nje na spotilaiti kali polepole kwa kona zote na chini ya sakafu, penye mwanga unaingia weka alama na chaki. Utashangaa. Mimi nilikuta mwanga kwa matundu ya waya za taa za nyuma, wazi kabisa, na nilikuwa nalaumu mlango.

Ukishaziba hayo weka katundu ka hewa mbele juu, kwa paa, mdomo ukiangalia mbele, na sponji ndani ya kuchuja. Ukiendesha hewa inasukumwa ndani, ndani panakuwa na nguvu kuliko nje, vumbi halivutwi tena. Kuwe na kifuniko cha kufunga mvua ikija. Huku kwetu mvua ya saa nane saa tisa mchana haikosi kwa hivyo kifuniko si mapambo.

Mtu_wa_FreeArea
Aisee hapo kwa waya hata sijafikiria. Leo usiku najaribu na mtoto wa dada yangu. Dada NyarDunga asante, nimedunga na bisibisi, imelainika kama inchi mbili kwenda juu, zaidi ya hapo iko ngumu. Sasa Fundi, nikishasogeza madgadi ufa uwe sawa mbele na nyuma, nauacha wazi hivyo ama naufunika na nini? Maana nikiuacha tope bado itapanda ukuta na mama watoto hataki kuona hiyo ukuta.

FundiBodi_Nax
Kuacha wazi si dhambi. Trela nyingi za kubeba mzigo ufa uko inchi nzima na hakuna mtu analia. Lakini kama ni ya kulala na mnataka ikae nadhifu, weka ulimi wa raba, ushike upande mmoja tu. Hiyo ndio siri yote, upande mmoja. Raba inafungwa kwa madgadi, upande wa pili unaegemea bodi bila kufungwa, chesis ikicheza raba inateleza kwa ukuta haivuti kitu.

Sasa angalia vile tairi inarusha maji. Trela ikienda mbele, upande wa nyuma wa tairi ndio unapanda, kwa hivyo maji yanaachwa pale nyuma yanaruka juu, mengine yanazunguka na tairi mpaka juu yanatupwa mbele. Nguvu yote inatoka chini na ndani. Kwa hivyo raba ikae CHINI ya ukingo wa madgadi, si juu. Ikikaa chini maji yakiipiga yanaisukuma ifunge zaidi, ikikaa juu yanaifunua. Watu wengi wanaiweka juu kwa sababu ni rahisi kufikia, halafu wanarudi hapa kuuliza.

Raba yenyewe tafuta tyubu ya lori iliyotoboka, pale kwa watu wa matairi wanakupa kwa bei ya soda. Tyubu ni raba ya butili, ni ile familia moja na ile tepu ya kuzibia unauziwa ghali, haipitishi hewa wala maji na inavumilia. Ioshe na sabuni kwanza itoke poda, ikate upana wa inchi nne hivi. Usitumie raba ya akala, ile ya tairi, ni nene na ina nyuzi, itakukwaruza aluminiamu. Hiyo ya akala itumie tu kwa madflapu ya nyuma, hapo ndio mahali pake.

Kuifunga, usipige ribiti moja kwa moja kwa raba maana itapasuka kwa tundu. Weka flatbaa nyembamba, kile chuma bapa kirefu, raba katikati, madgadi, halafu bolti ndogo ama ribiti kila inchi tatu nne. Ulimi unaobaki uzidi ufa kama inchi moja na nusu ndio uweze kujikunja kidogo ukutani. Pale kwa mviringo kata vimkato vidogo kwa ule ukingo uliofungwa ndio raba ikubali kupinda, ule ukingo huru usiuguse. Na kuanzia chini kabisa nyuma acha kama upana wa mkono bila raba, tope itokee hapo.

Kabla sijasahau, pima nafasi ya juu ya tairi. Springi ikishuka yote na umebeba maji na jiko na nini, tairi isifikie flatbaa. Weka jeki, fanya unavyojua lakini uone kwa macho. Inchi tatu ukiwa umebeba mzigo ndio mimi nakubali.

Dere_Bondeni
Haya hiyo ya raba chini nimekubali. Lakini kwa mabano kupita kwa bodi, kuna matundu hapo ama hakuna? Hapo ndio silanti inaenda.

Mtu_wa_FreeArea
@Dere_Bondeni kuna moja kila upande, bolti ya bano la mbele imepita karibu na kona ya bodi nikakata plaiwudi kidogo kuipa nafasi. Iko wazi.

FundiBodi_Nax
Dere leo umeamka vizuri. Hapo ndio unazibia, lakini si silikoni. Nenda kwa mafundi wa windskrini, ile gundi nyeusi wanashikia vioo vya mbele ni poliyurethani, na kuna ndugu zake laini zaidi za kuziba, uliza Sikaflex ama yoyote ya aina hiyo, soma kwa tyubu kama imeandikwa inakubali mwendo asilimia 25. Maana yake ufa wa milimita 10 unaweza kufunguka ama kujibana milimita 2 na nusu bila kuachia. Ndio maana ufa mwembamba sana hauzibiki, wa milimita 2 utacheza nusu milimita tu umekwisha.

Iwe na kina nusu ya upana, usijaze shimo lote. Sukuma kwanza kamba ya sponji ile isiyokunywa maji, ikae nyuma, silanti ishike pande mbili tu na si mgongo. Ikishika pande tatu haina pa kuvutikia inapasuka katikati. Safisha na thina uache ikauke, na usitumie spiriti ukapaka hapo hapo, hiyo poliyurethani ikikutana na pombe inakataa kukomaa, inabaki ute. Inakomaa kwa unyevu wa hewa, kama milimita 3 kwa siku kukiwa na joto, na kwa hii baridi ya Nakuru ya usiku mpe zaidi. Usiivute barabarani kesho yake.

Na zile bolti za chuma zenye zinagusa aluminiamu ziwekee wosha ya raba na silanti chini ya kichwa. Chuma na aluminiamu zikikutana kwenye tope la chumvichumvi aluminiamu inaliwa, utaona unga mweupe.

Kipara_Milimani
Nimechelewa kufika lakini kuna njia ingine hamjataja. Wale wenye mnakumbuka gari za Volkswagen Beetle za zamani, madgadi yake yalikuwa yanafungwa na bolti na katikati kulikuwa na kamba ya raba yenye ukingo wa mviringo inaonekana nje, inajibana kati ya bati mbili. Safi sana kwa macho. Wamarekani ndio walianza hizi trela za umbo la tone miaka ya 1930, na wengi huko bado wanapenda kufunga madgadi kwa bodi hivyo. Kwa nini jamaa asikate hayo mabano, ahamishie madgadi kwa bodi, aweke hiyo kamba, mambo yaishe?

NyarDunga
@Kipara_Milimani itakuwa nzuri kwa macho kweli, lakini plaiwudi ya milimita 12 kushika madgadi ya geji 16 kwa barabara zetu, na watoto wakipanda juu yake kushusha mizigo kwa paa, si itang'oka na ukuta. Labda aweke chuma ndani nyuma ya plaiwudi, ubao na flatbaa ndefu, bolti zipite zote. Na matundu zaidi kwa ukuta ni midomo zaidi ya maji. Mimi ningebaki na mabano.

Kipara_Milimani
Hapo kwa watoto umenimaliza. Kweli, kwangu wanakalia madgadi ya pikapu kutwa nzima.

Mtu_wa_FreeArea
Nimewasoma wote. Jana usiku tulifanya ya spotilaiti, Mshale ulikuwa sawa kabisa, mwanga umeingia kwa waya za taa upande wa kulia na kwa kona ya chini ya mlango, kwa madgadi hakuna hata kidogo isipokuwa lile tundu la bolti. Kumbe nilikuwa nataka kuziba mahali vumbi halipiti. Tyubu ya lori nimepata, kubwa, inatosha pande zote na inabaki. Epoksi Nakuru nimeambiwa niulize kwa maduka ya rangi. Swali la mwisho, raba ikishaegemea ukuta wa aluminiamu na kusuguasugua, si itatoa rangi?

FundiBodi_Nax
Itatoa mstari ndio. Bandika pale kwa ukuta kipande cha bati jembamba ama hata ile stika ngumu ya uwazi ya kulinda rangi, raba iteleze juu yake, kikichakaa unabadilisha. Na ukishatembea nayo kidogo rudi ukaze bolti za flatbaa tena, raba ikishabanwa hulala na nati zinalegea.